Je, wajua? Klova haimwagii nyasi jirani naitrojeni

Katika malisho ya nyanda za juu za Kenya, nyasi ya Kikuyu hukua pamoja na klova ya Kenya, mmea mdogo wa jamii ya kunde unaotambaa na kutoa maua meupe. Yote miwili ni mimea ya asili ya Afrika Mashariki. Nyasi hiyo imeshaenea hadi Australia, Afrika Kusini na Hawaii, na klova nayo ilipelekwa Australia ikapewa jina la Safari. Mkulima anayeichunguza michanganyiko ya namna hii huona jambo moja: nyasi iliyo karibu na mikunde hubaki kijani kuliko ile iliyo peke yake, hata pasipo mbolea ya dukani. Kwa nini?

Jibu linalosikika kila mahali ni kwamba mikunde huvuta naitrojeni hewani na kuimwaga udongoni, kisha nyasi jirani huifyonza. Nusu ya kwanza ni kweli. Naitrojeni ni takriban 78% ya hewa, na bakteria aina ya rizobiamu wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi huigeuza iwe chakula cha mmea. Wanasayansi Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha hilo Ujerumani katika miaka ya 1880. Ukipasua kinundu ukakuta rangi ya waridi ndani, ujue kinafanya kazi.

Nusu ya pili ndiyo inayopotosha. Bakteria hao wamo ndani ya mzizi, na wanachotengeneza huingia kwenye mishipa ya mmea na kupanda hadi kwenye majani. Kinachovuja kutoka kwenye mzizi ulio hai ni kidogo. Klova haina sababu ya kukimwaga, kwa kuwa imekilipia: bakteria hulishwa sukari nyingi, na sukari hiyo ni jasho la majani.

Basi nyasi inanufaikaje? Fikiria watu wanne wamezunguka sinia moja la wali. Mmoja amekuja na chakula chake, kwa hiyo hagusi sinia. Wale watatu watashiba zaidi, ingawa hakuna aliyepewa hata tonge moja. Sasa tazama na upande wa pili. Chakula alichokuja nacho kilimgharimu kuni na muda. Kama angekaa peke yake mbele ya sinia lililojaa, angekula cha hapo na kuuacha moto ulale. Kinachomfanya apike ni wepesi wa mikono ya wenzake.

Hivyo ndivyo ilivyo malishoni. Mizizi ya nyasi ni mingi na myembamba, nayo huwahi kuikomba naitrojeni ya udongoni. Klova ikikosa, hutegemea vinundu vyake zaidi. Ndiyo maana klova iliyochanganywa na nyasi mara nyingi hupata zaidi ya 80% ya naitrojeni yake kutoka hewani, na kiwango hicho hushuka inapokuwa peke yake au udongo unapokuwa na naitrojeni tele. Nyasi, kwa uroho wake, ndiyo inayoichochea klova ifanye kazi.

Haya hupimwa kwa naitrojeni nzito, yaani aina ya naitrojeni yenye atomi nzito kidogo kuliko za kawaida, ambayo hewani ni takriban 0.37% tu ya naitrojeni yote. Watafiti hunyunyizia udongo mbolea yenye kiwango kikubwa cha aina hiyo. Mmea unaokula udongoni hubeba alama hiyo, unaokula hewani huibeba kidogo. Kipimo si kamilifu, maana mizizi ya mimea miwili yaweza kunywa kwenye vina tofauti vyenye alama isiyolingana.

Kugawana kwa kweli kupo pia, ila huja polepole. Klova ikiliwa au kukatwa, sehemu ya mizizi na vinundu vyake hufa na kuoza, na hapo nyasi hupata sehemu yake. Kisha kuna ng'ombe. Takriban robo tatu au zaidi ya naitrojeni anayoila hutoka kwa mkojo na mavi, na pale alipokojoa nyasi huchipua ikiwa na kijani kilichokolea. Kuhusu nyuzi za kuvu zinazounganisha mizizi ya mimea tofauti, zipo bila shaka, lakini ushahidi kwamba hupitisha naitrojeni nyingi kutoka mmea hadi mmea bado ni mwembamba. Hata hoja kwamba mchanganyiko hustawi kwa sababu mizizi mirefu na mifupi hugawana vina vya udongo haijathibitika kila ilikojaribiwa. Sehemu ya faida ya mchanganyiko hutokana na magonjwa ya udongoni kukosa mmea mmoja wa kuuandama.

Ukiongeza mbolea ya naitrojeni, mpango huu huvunjika: klova hupunguza kazi ya vinundu, na nyasi hurefuka na kuitia kivuli. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, jaribio la malisho lililoanzishwa mwaka 1856 na wanasayansi Lawes na Gilbert bado linaendelea. Viwanja visivyotiwa mbolea vina aina zipatazo 40 za mimea. Baadhi ya vilivyotiwa salfeti ya amonia, mbolea ya naitrojeni, miaka yote bila chokaa vimebaki na aina mbili tatu tu, ingawa hapo asidi iliyoongezwa na mbolea hiyo nayo ilichangia.

Kwa mfugaji wa ng'ombe wa bandani anayepanda desmodiamu, mmea mwingine wa jamii ya kunde, pamoja na nyasi ya matete, hesabu ina pengo. Majani hukatwa na kubebwa, na mkojo hubaki bandani. Potasiamu nayo huondoka kwa wingi, na kidogo kinachobaki hukombwa kwanza na matete, mpaka desmodiamu inadhoofu huku mwenyewe akidhani mbegu ilikuwa mbovu. Shamba hilo linahitaji samadi pamoja na mkojo wa bandani, virudishwe kwenye mistari ileile majani yalikokatwa.