Ndege, kamera na gari lako mwenyewe kusini: tunayoambiana na hali ilivyo

Mtu wa Mtwara au Lindi akipata kamera nzuri, neno la kwanza analoambiwa ni atafute hela aende Serengeti, huku kwetu atapiga picha gani zaidi ya mikorosho na kunguru. Hili linaniuma jamani, maana siyo kweli, na limefanya vijana wengi wenye jicho zuri wakae na kamera wanasubiri harusi tu. Nayaweka hapa yale yanayosemwa sana na hali ilivyo, hasa kwa wewe unayetaka kwenda na gari lako bila kampuni ya utalii.

Eti vya maana vyote viko kaskazini

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilimegwa kutoka Selous mwaka 2019, ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ndo kubwa kuliko hifadhi zote za taifa Tanzania, na sehemu yake iko Liwale, Lindi yetu hii hii. Ukitaka mbwa mwitu ni moja ya sehemu wanapopatikana kwa wingi Afrika. Ila kwa picha za ndege hauhitaji hata kufika huko. Ghuba ya Mnazi mpaka pale Ruvuma inapoingia baharini ni hifadhi ya bahari tangu 2000, alafu kuna msitu wa Rondo upande wa Mtama, na vyote viwili unaenda kwa gari na kurudi bila kuuza kiwanja.

Eti bila lenzi ndefu kama bomba usijisumbue

Lenzi ndefu inasaidia, sikatai. Lakini gari lako ni silaha kubwa zaidi. Ndege wengi wanaogopa umbo la mtu anayetembea kwa miguu miwili, gari lililosimama kimya hawalijali sana, we tulia ndani, shusha kioo, zima injini kabisa (ikiwa inaunguruma mtetemeko unaingia kwenye picha hata kama wewe hauuoni), weka kifuko cha maharage au mchele juu ya mlango pale kioo kinaposhukia, laza lenzi hapo, subiri. Lenzi ya milimita 300 ndani ya gari lililotulia inakupa picha nzuri kuliko ya 600 mkononi mwa mtu anayewakimbiza. Ndege akiwa anaruka weka spidi ya shata 1/1000 ya sekunde au zaidi, 1/2000 bora, na usiogope kupandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), chengachenga zinapungua kwa programu ila picha iliyotikisika haiponi.

Eti ufukweni hakuna ndege, labda shakwe

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Watu wanaenda ufukwe wa Msimbati, pale ghuba ya Mnazi, saa nne asubuhi, maji yamepwa, wanaona mchanga mtupu mpaka kwenye upeo wa macho wanasema hakuna kitu. Ndege wapo, ila wametawanyika huko mbali wanakula. Muulize mvuvi yeyote au mama anayeenda kuchokoa pweza atakwambia habari ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na mpiga picha wa ndege anatakiwa ajue hiyo hiyo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, huku pwani yetu maji yanajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Maji yakianza kujaa yanawasukuma ndege wote kuja kwenye ukingo mwembamba wa mchanga uliobaki. Sasa fikiria: fukwe zetu zinatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ukielekeza kamera baharini jua liko usoni kwako na ndege anatoka mweusi tii, ila jioni jua liko mgongoni. Bamvua inakupa maji ya kujaa na mwanga mzuri kwa wakati mmoja. Fika saa nane, chagua sehemu, kaa, usisogee, waache wao wakufuate.

Utakachokiona: chekeamwezi wa kila saizi, sululu wenye mdomo mrefu uliopinda, buabua wamejipanga wote wanatazama upepo unakotoka. Na ukibahatika, ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mnene mweusi, wanasayansi wanamwita Dromas ardeola. Huyu hana ndugu, yuko peke yake kwenye familia yake nzima. Chakula chake kaa. Mwangalie anavyowinda: anatembea taratibu, anasimama, anakimbia hatua chache, anamdaka kaa na kumponda kwa ule mdomo. Anazaliana huko pwani za Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia, tena anachimba shimo mchangani na kutaga yai humo, moja tu, joto la mchanga linasaidia kuliatamia, halafu anasafiri kuja kwetu na mtoto wake ambaye ameshakua mkubwa lakini bado analilia kulishwa. Hiyo picha ya mtoto anaomba kaa kwa mzazi, kwangu mimi inazidi simba kumi waliolala.

Na kwa kuwa Msimbati inasifika kuwa gari linatembea ufukweni, watu wanaona ni sawa kukimbiza magari pale. Siyo sawa. Ndege aliyefukuzwa kwenye mapumziko yake wakati maji yamejaa anachoma mafuta aliyoyahifadhi kwa safari, na kasa wanataga kwenye mchanga huo huo. Paki juu, kwenye udongo mgumu, shuka taratibu na ukae chini. Ukiwa na gari dogo lisilopenda mchanga basi ghuba ya Mikindani unaiona toka barabara ya lami kabisa, hata bajaji inakufikisha.

Eti safari ni kiangazi tu

Kwa wanyama wakubwa ni kweli kiasi, nyasi zikikauka wanaonekana na wanasogea kwenye maji. Na Nyerere masika ni tope, njia nyingi hazipitiki, kambi nyingi zinafungwa Aprili na Mei. Lakini ndege wahamiaji wanafika kuanzia Septemba na kuondoka mpaka Aprili, yaani kipindi chote cha kaskazi wapo, wengine wamezaliana huko juu kabisa Siberia. Ukisubiri Julai umewakosa karibu wote.

Eti ndege wa msituni mpaka umuite kwa simu

Siku hizi mtu anaingia msituni anapiga sauti ya ndege kwenye spika, anarudia na kurudia. Ndege anakuja kweli, ila anakuja kupigana, anadhani mwenzake kavamia eneo lake, anaacha kiota na kulisha watoto ili amtafute adui ambaye hayupo. Rondo hili ni baya zaidi kwa sababu ndege wa pale hawana kwingine pa kwenda. Kuna kindege kidogo cheusi na cheupe, Batis reichenowi, karibu dunia yake yote ni misitu ya kusini mashariki mwa Tanzania. Kuna zuwakulu wa kijani mwenye mdomo mzito ambaye aina yake inajulikana sehemu mbili tu, Rondo na msitu wa Ngoye huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 katikati hakuna. Omba kibali kwa watu wa misitu, TFS, ingia alfajiri, simama penye mti wenye matunda yaliyoiva, usicheze na simu. Nusu saa ya kusimama kimya inaleta zaidi ya spika.

Usiku hapo kuna komba wa Rondo, uzito wake gramu 60 hivi, yupo kwenye misitu michache ya pwani ya Tanzania tu na duniani kwingine kote hayupo. Ukimmulika tumia tochi yenye mwanga mwekundu, flashi ya usoni usimpige kabisa, macho yale makubwa yameumbwa kwa giza.

Bundi nao. Mpaka leo watu wanampiga mawe wakisema ni uchuro, akilia juu ya bati basi kuna msiba. Bundi anakuja nyumbani kwako kwa sababu una panya. Anayekulindia mahindi ghalani ndo huyo huyo unayemfukuza.

Eti lazima uwe na dereva wa utalii na V8

Gari binafsi linaruhusiwa hifadhini, raia tunalipa kwa shilingi na kidogo sana kuliko wageni. Linalotakiwa ni gari la juu, tairi la akiba zima, maji na mafuta ya kutosha. Usitoke nje ya njia hata kama chui yuko mita tano, usishuke kwenye gari ila pale palipoandikwa, na tembo akitandaza masikio mpe nafasi arudi kwenye mambo yake.

Nguo za mabaka eti ili ujifiche: acha kabisa, Tanzania raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa, na ukiwa ndani ya gari hazikufichi chochote. Vaa kaki au kijani iliyopauka. Bluu ya kukolea na nyeusi zinaita mbung'o. Drone nayo usiirushe hifadhini bila kibali.

Eti picha ya simu haina kazi

Ina kazi sana. Kuna Tanzania Bird Atlas, mradi wa ramani ya ndege wa nchi yetu, na kuna eBird, mtandao wa kuandikisha ndege uliowaona, zote zinapokea taarifa za watu wa kawaida, na huku kusini watazamaji ni wachache kwa hiyo taarifa yako moja ya Lindi ina uzito kuliko ya ishirini wa Arusha. Picha hata ikiwa na ukungu, kama mdomo na miguu vinaonekana ndege anatambulika. Andika tarehe, saa, jina la sehemu, idadi, na kama ni ufukweni andika maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Kiota usikitaje mahali kilipo hadharani, hiyo wape watu wa atlasi peke yao.