Pilipili kichaa ya maweni ni shamba la ndege

Ukipita maweni ya Unguja kuanzia Jambiani kwenda Makunduchi ukaitaka pilipili kichaa, anza kwa kuangalia juu. Tafuta tawi ambalo ndege hupenda kutua. Chini yake mara nyingi utaukuta mche umejibana kwenye ufa wa jiwe, penye udongo usiojaa kiganja.

Aliyeupanda ni shore au ndege mwenzake. Ukali wa pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini, inayoamsha kipokezi cha joto na maumivu kwenye neva za mamalia. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na mwanasayansi David Julius na wenzake. Ndege naye anacho, ila chake hakishtuliwi na kapsaisini, kwa hiyo hula asiungue. Hapo ndipo mmea unapofaidika: panya akitafuna huzisaga mbegu, lakini ndege humeza tunda zima, kisha mbegu hutoka naye salama, pamoja na mbolea yake.

Lichunguze tunda lenyewe. Limesimama, ncha juu, nje ya majani, lionekane na kila apitaye angani. Likishaiva liguse tu: litachomoka, kikonyo kibaki mtini. Pilipili za bustanini hung'ang'ania, kwa kuwa wakulima kizazi baada ya kizazi wameipenda miche isiyoangusha matunda kabla ya mavuno. Hii ya maweni bado ina tabia ya mwituni ya kuliachia tunda, na kwangu ndiyo thamani yake kubwa. Lipasue kwa wembe uone utando mweupe ulioshika mbegu: kapsaisini hutengenezwa hapo, mbegu hupakazwa tu.

Asili ya pilipili kichaa ni Amerika ya kitropiki. Ilifika pwani yetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498. Baadaye Unguja ikawa inauza nje pilipili kavu. Kwa hiyo mnaosafisha viwanja, tafadhalini msiing'oe kama magugu. Mche mmoja huzaa miaka kadhaa, hautaki kumwagiliwa wala dawa, na achari yake haina mfano.

Mkichuma, msiguse macho. Mikono ikiwaka, maji matupu hayasaidii, maana kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Pakeni mafuta ya nazi kwanza, sugueni, ndipo muoshe kwa sabuni. Mdomo ukiwaka, kunyweni maziwa.