Dang'a ni nini, na kwa nini mtoto njiti anadondoshewa shavuni

Dang'a ni yale maziwa ya kwanza kabisa, mazito, ya njano njano, yanayotoka siku mbili tatu za mwanzo kabla maziwa hayajajaa. Huwa machache mno, mama anakamua weee anapata matone, anaanza kulia kwamba hana maziwa kumbe ndivyo yalivyo.

Kwa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hasa wa chini ya wiki 32 za mimba, hayo matone usiyahesabu kama chakula, hesabu kama kinga. Mtoto akiwa tumboni anapokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma, na nyingi zinapita kwenye miezi mitatu ya mwisho, sasa huyu wa wiki 26 katoka zenyewe bado hazijamfikia, na utumbo wake mchanga, vijidudu vinapenya kirahisi, ndo maana njiti wanaandamwa na ule ugonjwa hatari wa utumbo kuvimba na kuoza. Dang'a inamletea IgA, kingamwili zinazotanda ndani ya mdomo na utumbo kuzuia vijidudu visishike, kuna chembe hai nyeupe za mama, kuna na laktoferini, protini inayokamata madini ya chuma bakteria wakakosa cha kula. Na mama aliyejifungua mapema mara nyingi dang'a yake ina kinga nyingi kuliko ya aliyefikisha miezi tisa, hapo mwili wa mwanamke unanishangaza.

Shida ni kwamba mtoto wa umri huo hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, analishwa kwa mpira unaoingia moja kwa moja tumboni, mdomo unarukwa. Tumboni mwa mama alikuwa anameza maji ya uzazi yenye kinga yake, ghafla mdomo umebaki mkavu. Ndo nesi anachukua sirinji ndogo anadondosha kama 0.1 ml kila shavu kwa ndani, kila baada ya saa 2 mpaka 4, hata mtoto akiwa kwenye mashine ya kupumulia. Hicho kidogo kinagusana na tishu za kinga za mdomoni na kooni. Haichukui nafasi ya antibayotiki wala dawa nyingine, tuelewane.

Kwa mama: anza kukamua ndani ya saa chache za mwanzo, kwa mkono, maana kwenye pampu matone yanaishia kugandia kwenye plastiki, rudia mara 8 au zaidi kwa siku, na uyavute kwa sirinji hapo hapo. Yakiwezekana yaende mabichi, yakigandishwa zile chembe hai zinakufa.