"Itatoka nikifua": dhana potofu za kufuma zawadi jiko likiwa limebomolewa

"Itatoka nikifua." Kauli hii hurudi kila msimu wa zawadi, na waleta kauli ni wale wanaofuma huku mafundi wakivunja jiko chumba cha pili. Kwenye kikapu kuna skafu iliyofika nusu na kofia mbili, vigae vinakatwa, unga mweupe umetanda juu ya kila kitu, na mwenye kazi ametulia kabisa. Siku ya mwisho atatumbukiza vyote kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga. Zawadi nyingi huharibikia kwenye beseni hilo.

Dhana: vumbi la ukarabati ni vumbi tu, maji na sabuni vitalimaliza

Hapana, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu kosa lenyewe linaonekana kama usafi.

Jiko linalokarabatiwa hutoa vumbi la aina kadhaa kwa pamoja, na kila aina ina tabia yake kwenye maji. Saruji kavu, ile inayoruka wakati wa kumimina mfuko au kuchanganya gundi ya vigae, inasubiri maji tu ili igande. Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Plasta ya unga ni vivyo hivyo. Kofia yenye punje hizo ikiloweshwa, punje zinaganda zikiwa zimekumbatia uzi. Vumbi la msasa wa ukuta haligandi, lakini ni laini mno na linajibana ndani kabisa ya msokoto. Vumbi la vigae na mawe lina punje ngumu za silika (madini ya mchanga) zenye makali, ambazo husaga uzi kila kitambaa kinapojikunja.

Chukua uzi wa sufu uliosokotwa kwa nyuzi nne, ule uliolala kwenye kikapu cha wazi wiki moja ya kukata vigae. Ukung'ute mpaka uonekane safi. Sasa ushike karibu na taa na uulegeze msokoto kwa kucha: katikati, pale nyuzi nne zinapokutana, kuna mstari mwembamba wa unga. Mkono haukuufikia, na sabuni nayo haitaufikia kirahisi.

Kuna na suala la alkali. Maji yaliyochanganyika na saruji yana pH ya 12 hadi 13. Sufu ni protini kama nywele za kichwani: siki kidogo inaivumilia, alkali haiivumilii. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo. Kwenye maji ya alkali magamba hayo huinuka, na ukiongeza joto na kusugua, yanakamatana na hayaachiani tena. Kofia iliyokuwa ya mtu mzima inatoka nene kama zulia, ikiwa saizi ya mtoto. Wanaotaka kugandisha sufu kwa makusudi hutumia vitu hivyo hivyo: maji ya moto, sabuni na kusugua. Kwa hiyo tafadhali, msiipe kofia dawa ya kuigandisha halafu mkalalamikia uzi.

Utaratibu unaofaa ni kuanza na ukavu, maji yaje mwisho.

Kama kazi bado iko kwenye sindano, hamishia vitanzi kwenye uzi laini wa pamba, kwa sababu sindano zikibaki ndani, vitanzi vitachomoka unapokung'uta. Toka nje, vaa barakoa, kung'uta upepo ukiwa mgongoni. Kisha laza kazi juu ya taulo na uifyonze kwa mashine ya kufyonza vumbi, mdomo wa bomba ukiwa umefunikwa kwa stokingi ili usinyonye vitanzi. Nguvu iwe ndogo, dakika 3 hadi 5 kila upande, na usiruke pindo, maana ndiko unga hujificha zaidi.

Baada ya hapo tu ndipo beseni. Maji vuguvugu yasiyozidi nyuzijoto 30, sabuni ya maji ya kufulia sufu (kijiko kimoja cha chai kwa lita 8 kinatosha). Zamisha kazi, iache dakika 15, usisugue wala usizungushe. Inua kwa mikono miwili ukiwa umeibeba yote, maana sufu iliyolowa ni nzito na ikining'inia inarefuka. Maji yakitoka meupe kama maziwa, rudia kwa maji mapya ya joto lile lile. Kuhama ghafla kutoka moto kwenda baridi nako huchangia kuigandisha. Ukishuku kulikuwa na saruji, tia siki nyeupe vijiko viwili vya chakula kwa kila lita 4 za maji ya kwanza ya kusuuza, halafu suuza tena kwa maji matupu. Kunja ndani ya taulo, kandamiza, laza ikauke. Usikamue.

Punje zilizokwisha kuganda hazitoki. Fumua safu hizo, kata kipande kile cha uzi, endelea na uzi safi.

Kwa zawadi ya mtoto mchanga msimamo uwe mkali zaidi. Kama nyumba ni ya zamani na mafundi wanakwangua rangi ya kale, vumbi hilo linaweza kuwa na madini ya risasi, metali yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978, kumaanisha kuta zilizopakwa kabla ya hapo bado zinaweza kuwa nayo. Mtoto hutia kitambaa mdomoni. Kazi yake ifumwe nje ya nyumba hiyo, na ikishapata vumbi hilo isiwe zawadi tena. Na mfumaji asijisahau mwenyewe: silika laini inayovutwa kwa pumzi iliwekwa mwaka 1997 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Grinda ikilia, sindano ziwekwe chini na mfumaji ahame.

Dawa ya haya yote ni mfuko mmoja kwa kazi moja, na ushauri huu utarudiwa mpaka uchoshe. Tumia mfuko wa plastiki wa zipu wenye nafasi ya kutosha bonge la uzi na kazi yenyewe. Bonge likae ndani muda wote. Acha pembe ya zipu wazi kiasi cha upana wa kidole, uzi upite hapo. Kabla hujainuka kwenye kiti, hata kama unaenda kumfungulia fundi mlango, kazi irudi ndani na zipu ifungwe. Khanga au shuka juu ya kikapu haisaidii kitu, kwa sababu matundu ya kitambaa ni makubwa kuliko punje unazozikimbia. Punje nyembamba kabisa huelea hewani kwa saa kadhaa baada ya fundi kuondoka, kwa hiyo ukimya wa jioni usikudanganye. Futa kiti na meza kwa kitambaa kibichi, osha mikono, ndipo ufungue mfuko. Usifagie pakavu wala usiwashe feni. Tena saruji hukausha ngozi, na vidole vilivyochanika hukwaruza uzi laini na kuuvuta nyuzi.

Dhana: jiko halipo, kwa hiyo muda wa kufuma umeongezeka

Muda unakatika vipande vipande, na hilo hubadilisha kinachofaa kufumwa. Piga hesabu. Kofia ya vitanzi 100 kwa safu 60 ni vitanzi 6,000. Kwa mwendo wa vitanzi 20 kwa dakika, ni saa 5. Skafu, ambayo wengi huichagua kwa kuwa "rahisi", yenye upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 160, kwa vitanzi 20 na safu 28 kila sentimita 10, inakuwa vitanzi 40 kwa safu 448. Hivyo ni vitanzi 17,920, karibu saa 15. Kwa skafu moja ungemaliza kofia tatu. Ukiwa na watu sita wa kuwapa zawadi na mafundi wanaokuita kila robo saa, fuma kofia.

Acha kazi mwisho wa safu tu. Ukiiacha katikati kwa siku kadhaa, vitanzi vya pale sindano ilipolala hutanuka na kuacha mstari. Kama mchoro una vitundu au misokoto, pitisha uzi wa usalama kila baada ya safu 10: pamba nyembamba yenye rangi tofauti, kwa sindano butu, ndani ya kila kitanzi lakini nje ya alama zako. Ukikosea baada ya kelele za nyundo, utafumua mpaka hapo na si zaidi.

Dhana: akriliki haina matatizo, inafuliwa vyovyote

Akriliki, uzi wa kutengenezwa kiwandani, haigandi kama sufu, hilo ni kweli. Lakini hujaa umeme tuli na kuvuta vumbi kuliko sufu. Pia joto la pasi au mvuke huilegeza, na ikishalegea hairudi. Jiko la muda likiwa sebuleni, usiweke kazi ya akriliki karibu na birika linalochemka. Na kamwe usifume vishikio vya sufuria kwa akriliki: huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Vishikio ni vya pamba nene au sufu, viwe na tabaka mbili, na vishikwe vikiwa vikavu, kwa sababu pamba iliyolowa hupitisha joto moja kwa moja hadi kiganjani.

Dhana: kipande cha majaribio kinapoteza muda wa zawadi

Vitanzi 100 kwa kipimo cha 20 kila sentimita 10 ni kofia yenye mzunguko wa sentimita 50. Mkono ukikaza kidogo, ufikie 22, ni sentimita 45.5. Ukilegea hadi 18, ni sentimita 55.6. Haraka na kelele hukaza mkono. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15 ukiwa umekaa kwenye kiti kile kile utakachofumia, kifue, kikauke, kisha pima sentimita 10 za katikati. Kipande kisichofuliwa hakina maana.

Dhana: uzi ukipungua nitaongeza

Nunua wote mara moja, wa bechi moja ya rangi, na lebo ikae ndani ya mfuko. Mabonge hupotea nyumba ikiwa kwenye maboksi. Ikilazimu kuchanganya bechi mbili, fuma safu mbili za hili na mbili za lile kwa sentimita 10 hivi, ili mpaka usionekane.

Dhana: kazi ikishafungwa kwenye plastiki ni salama mpaka siku ya zawadi

Ikiwa kavu kweli, ndiyo. Tatizo ni kwamba sufu hubeba unyevu wa karibu asilimia 30 ya uzito wake bila mkono kuhisi kuwa imelowa, na nyumba yenye plasta mbichi ina unyevu mwingi hewani. Ukifunga unyevu huo ndani ya plastiki unafuga ukungu. Kazi iliyofuliwa ilale mahali penye hewa, mbali na jiko, igeuzwe asubuhi na jioni. Katika nyumba ya kawaida kofia huhitaji siku moja au mbili. Plasta ikiwa bado inakauka, iwekee siku nne, na ufuaji wa mwisho ufanyike angalau wiki moja kabla ya kufunga zawadi.