Protoni si gololi

Kwenye shule moja hapa Bagamoyo, mwanafunzi alinichorea atomu ubaoni: elektroni zikizunguka, na katikati, kwenye kiini, viduara vya protoni na nyutroni vimebanana kama gololi mfukoni. Kwa mtihani, mchoro unatosha. Mimi nilikuwa na ugomvi na hizo gololi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Stanford, Marekani, elektroni zilirushwa kwa nguvu kwenye protoni. Nyingi mno zilipinda ghafla, kana kwamba ndani mna punje ngumu. Punje hizo ni kwaki, na Friedman, Kendall na Taylor walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi hiyo. Kwaki tatu ndizo zinazoipa protoni sifa zake, zikishikwa na gluoni, chembe zinazoziunganisha kama gundi, huku jozi za kwaki na antikwaki (kinyume chake) zikiibuka na kutoweka bila kutulia. Uzito wa zile tatu zenyewe ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa protoni. Salio ni nishati ya mwendo na ya kushikana huko. Nimefundisha jambo hili miaka mingi, na bado linanishangaza.

Basi protoni haina umbo moja. Mtazame mvuvi wa kimia kwenye maji mafupi: nyuzi ni zilezile, ila safari moja kimia hufunguka duara zima, safari nyingine hujikunja kikatua kama furushi.

Mwaka 2013, na tena 2016, mtambo wa LHC wenye mzingo wa kilomita 27, chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, uligonganisha protoni na viini vya risasi (madini yaleyale yanayofungwa ukingoni mwa kimia ili kizame). Kiini kimoja cha risasi kina protoni 82 na nyutroni 126. Protoni ikija imetanuka, hugusa nyingi kwa mkupuo mmoja, na chembe humwagika tele kwenye vipimo. Ikija imejikusanya, hupenya ikigusa chache. Wala haiwahi kubadilika njiani: kwa kasi inayokaribia ya mwanga, saa yake ya ndani, tukiitazama sisi, ni kama imesimama.

Hapo ndipo hesabu huharibika. Wanafizikia hukisia kama protoni ilipiga katikati ya kiini au pembeni kwa kuhesabu chembe zilizomwagika: nyingi ni katikati, chache ni pembeni. Lakini kwenye migongano ambayo kwaki moja ilibeba sehemu kubwa ya mwendo wa protoni nzima, chembe nyingine huwa pungufu kuliko ilivyotarajiwa. Maelezo ninayoyaona yana uzito zaidi, ingawa mjadala haujafungwa, ni kwamba protoni ya namna hiyo ina gluoni chache na imesinyaa. Inaweza kupita katikati kabisa ya kiini, ikaandikwa kuwa imepita pembeni.

Mwanafunzi yule akauliza, “Kwa hiyo mwalimu, mvuvi akikosa samaki, tuangalie kwanza kimia ndipo tulaumu bahari?”

Nikamwambia afute gololi moja, achore upya.