Kafara ya Wagiriki wa Kale Katika Mchezo wa Vita wa Mezani: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana potofu: Kafara ilitolewa ndani ya hekalu.

Ukweli: Hekalu lilikuwa makao ya sanamu ya mungu na hazina ya nadhiri zake. Waumini walikusanyika nje, kwenye madhabahu ambayo kwa kawaida ilielekeana na mlango wa mashariki, kwa hiyo mchezaji anayejenga hekalu la mfano kwa ajili ya meza ya mchezo, akachonga nguzo kwa majuma kadhaa kisha akapanga vijisanamu vya makuhani ndani yake, amekosea mahali. Hata vipimo vinamkataza: Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena mjini Athene, lililojengwa mwaka 447 hadi 432 KK, lina msingi wa mita 69.5 kwa 30.9, na kwa kipimo cha 1 kwa 56, ambacho wengi hukitumia kwa vijisanamu vya askari vyenye kimo cha milimita 28, lingehitaji mita 1.24 kwa 0.55 za meza. Madhabahu ya kimo cha sentimita 2 inatosha.

Dhana potofu: Kila jiwe lilikuwa jeupe.

Ukweli: Marumaru ilipakwa rangi, hasa nyekundu na buluu, na mabaki yake yangalipo. Michoro ya vyungu huonyesha pia michirizi ya damu ubavuni mwa madhabahu. Anayeipaka chokaa safi ameifuta ibada yenyewe.

Dhana potofu: Kabla ya vita, jeshi lilijenga madhabahu, likawasha moto na kumteketeza mnyama mzima.

Ukweli: Hapa ndipo mandhari nyingi za mezani huharibika, kwa sababu aina mbili za kafara huchanganywa. Katika kafara ya kawaida, miungu ilichomewa mifupa ya mapaja iliyofunikwa mafuta, na nyama ikaliwa na watu. Katika ile ya mstari wa mbele hapakuwa na karamu wala moto wa madhabahu: mnyama alikatwa koo, na mwaguzi akaitazama damu inavyotiririka. Mwandishi wa Kigiriki Xenophon anaeleza kwamba Wasparta, askari wa mji wa Sparta, adui akiwa tayari anaonekana, walichinja mbuzi jike huku wapiga zumari wote wakipiga na kila askari akiwa amevaa taji la majani. Mandhari yasiyo na mataji hayo, kwa maoni yangu, hayana Wasparta.

Mfano bora ni vita vya Plataea kati ya Wagiriki na Waajemi, mwaka 479 KK. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba ishara za kafara zilikataa kuwa njema huku mishale ya Waajemi ikiwaangusha Wasparta, hadi kamanda Pausanias alipoinua macho kulielekea hekalu la mungu wa kike Hera na kuomba. Hekalu hilo, basi, lichorwe dogo kwenye ubao wa nyuma ya meza. Mbele yake awekwe mchinjaji aliyembana mbuzi kwa goti, mwaguzi aliyeinama, na vumbi lililolowa damu ya kahawia iliyokoza, kwa kuwa nyekundu inayong'aa huonekana kama rangi ya kucha. Mishale michache ya waya mwembamba ichomekwe ardhini kandokando yao.