Gari la dizeli "kuingiza hewa": maana yake, na namna ya kulitafuta tundu ukiwa nyumbani

Jana jioni pikapu imepanda mlima na mzigo wa mahindi bila kulalamika. Asubuhi unawasha, starta inazungusha injini kwa nguvu, betri iko vizuri, lakini gari haliwaki. Unarudia mara ya tatu, ya nne, ya sita. Mwishowe linakohoa, linatetemeka, linashika, na baada ya dakika moja linanguruma vizuri kabisa hadi kesho yake. Ukimweleza fundi, atakujibu hata kabla hajafungua boneti: limeingiza hewa.

Neno hilo huwachanganya wengi, kwa sababu injini ya dizeli inakula hewa nyingi muda wote. Hewa hiyo ni halali yake, inapita kwenye filta ya hewa na kuingia kwenye silinda. Inayosemwa na fundi ni nyingine: ni hewa iliyopenya kwenye njia ya mafuta, kati ya tangi na nozeli (kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda), mahali ambapo panatakiwa pawe na dizeli tupu.

Nichukue Toyota Hilux za zamani, zile za injini ya 2L, 3L na 5L, kwa kuwa ndizo nyingi bado ziko shambani na barabarani kwetu, na ndizo ninazozifahamu. Injini hizi hazina plagi za cheche. Pistoni inaibana hewa hadi inabaki kama sehemu moja ya ishirini na mbili ya ujazo wake, na hewa iliyobanwa hivyo inachemka kiasi cha kuwasha dizeli yenyewe. Kazi ya pampu ni kusukuma tone dogo la dizeli kwa wakati wake, kwa presha inayozidi ile ya hewa ya kawaida kwa zaidi ya mara mia. Ndani ya nozeli kuna springi ngumu, na mlango haufunguki mpaka presha hiyo ifike.

Sasa chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lijaze maji, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma. Halisogei. Mwaga maji, libaki na hewa, sukuma tena: linabonyea kama sifongo. Ndicho kinachotokea kwenye paipu ya nozeli. Pampu inasukuma, kiputo cha hewa kinajikunja na kumeza ule msukumo wote, springi haisogei, dizeli haitoki. Injini inazunguka bure.

Ajabu ni kwamba hewa hii haikuwa adui tangu mwanzo. Injini ya Rudolf Diesel iliyofanikiwa kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 ilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa ya kompresa. Baadaye pampu zinazosukuma mafuta peke yake ndizo zilizotawala, hasa baada ya kampuni ya Bosch kuanza kuzitengeneza kwa wingi mwaka 1927, na pampu ya Hilux ni ya ukoo huo. Kwake, kiputo kimoja tu ni taabu.

Hewa inaingiaje? Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Tumezoea kutafuta uvujaji kwa macho: panapovuja patalowa, patadondosha tone, patashika vumbi jeusi. Lakini kwenye Hilux hizi hakuna pampu ndani ya tangi. Pampu kubwa iliyoko kwenye injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka nyuma, kupitia paipu ndefu ya chini ya chesisi, mipira na filta. Njia hiyo yote iko kwenye mvuto, kama mrija wa soda. Mrija ukiwa na ufa, soda haimwagiki, bali unavuta hewa. Kwa hiyo tundu linaloingiza hewa mara nyingi ni kavu kabisa. Unaweza kulipitisha kidole na usione hata unyevu.

Gari likizimwa, tundu hilo linaendelea na kazi yake taratibu. Hewa inaingia, dizeli inateremka kurudi kwenye tangi, na kufikia alfajiri filta iko nusu tupu. Ukiliegesha pua ikiwa imeelekea mlimani hali inazidi, kwa kuwa dizeli inateremka kwa urahisi. Likiegeshwa pua chini na likawaka kwa mara moja, huo ni ushahidi mzuri ambao haukugharimu kitu.

Kabla ya kuishika filta, tazama ekzosi. Mtu mmoja awashe, mwingine asimame nyuma. Starta ikizungusha na moshi mweupe ukatoka kwa wingi wenye harufu kali ya dizeli, basi mafuta yanafika kwenye silinda ila hayawaki. Hapo shuku hita plagi (zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha), hasa ukiwa Njombe au Limuru kwenye baridi, au kompresheni iliyochoka, yaani pistoni haibani hewa vya kutosha. Starta ikizungusha na ekzosi isitoe moshi wowote, mafuta hayafiki. Tofauti hii moja imewaokoa wengi kununua hita plagi nne zisizohitajika. Sikiliza pia pampu wakati unafungua swichi: kuna valvu ndogo ya umeme juu yake inayoruhusu dizeli kupita, na inatakiwa ilie "tik". Isipolia, fuatilia waya wake kwanza.

Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa laini asubuhi na ikahitaji kubonyezwa mara nyingi ndipo ikaze, na gari likawaka papo hapo baada ya hapo, hewa imejulikana. Kuiona kwa macho, nenda kwa wauza vifaa vya ujenzi ununue kipande cha ule mpira mweupe unaoonyesha kilichomo ndani, ambao mafundi hupimia levo, unaobana sawasawa, ukifunge kati ya filta na pampu kubwa. Washa gari uangalie. Dizeli safi hupita kama chai ya rangi iliyotulia. Ukiona mapovu yanakimbia, tundu liko nyuma ya mpira huo. Uutoe ukimaliza, kwa sababu dizeli huukausha ukapasuka.

Kugawa njia vipande viwili, tumia dumu la lita 5. Lijaze dizeli safi, liweke chini kuliko filta ili njia ibaki kwenye mvuto, mbali na ekzosi, kisha lisha filta kutoka humo badala ya tangi. Mpira wa kurudishia mafuta unaweza kubaki ulipo. Mapovu yakiisha, kosa liko kati ya tangi na filta. Yakiendelea, kosa liko kwenye filta yenyewe.

Na filta ndiyo huongoza. Ile pampu ya mkono ina mpira ndani ambao huchanika kwa uzee, na huo mchaniko hauonekani kwa nje. Oringi (pete za mpira) za filta na za kile kifaa cha chini kinachopima maji husahaulika siku ya kubadilisha filta, au ya zamani hurudishwa ikiwa imebonyea. Mipira mifupi hukakamaa, na klipu iliyokazwa kupita kiasi huikata. Paipu ya chesisi huoza chini ya vishikizo vyake, mahali ambapo tope hukaa, na kwa magari ya Tanga au Mombasa chumvi ya bahari huharakisha. Filta iliyoziba nayo huongeza mvuto, kiasi kwamba kiungo kilichokuwa kinavumilia kinaanza kuingiza hewa. Kwa hiyo anza na filta mpya.

Dalili moja ipewe sikio la pekee: gari likizingua kila tangi linaposhuka chini ya nusu na kupona ukijaza, huenda paipu ya kufyonzea iliyomo ndani ya tangi imetoboka kwa kutu. Ikizama iko salama, dizeli ikishuka inavuta hewa.

Ukishaziba, hewa iliyobaki itolewe. Legeza boliti ya paipu inayoingia kwenye pampu kubwa, weka kitambaa, bonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe na dizeli itoke moja kwa moja, kisha kaza, ukitumia washa mpya za shaba. Angalia usichanganye boliti hiyo na ile ya kurudishia yenye maandishi OUT. Ya OUT ina kitundu chembamba kwa makusudi, ikikaa mahali pa kuingilia injini itakosa mafuta. Kama bado haliwaki, legeza nati za paipu kwenye nozeli kwa spana namba 17, nusu mzunguko tu, zungusha starta kwa sekunde 10 hadi 15, ipumzishe nusu dakika, rudia. Dizeli ikianza kuruka kwenye nati, kaza moja baada ya nyingine. Vaa miwani na usipeleke mkono karibu.

Usipulize dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi, kwa kuwa inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Na hatua ya kulegeza nati za nozeli usiifanye kamwe kwenye Hilux za D-4D, zile za dizeli za kisasa zaidi. Hizo zinatumia presha inayozidi mara elfu ya hewa ya kawaida, na mchirizi wake hupenya ngozi na nyama. Mtu aliyepigwa nao apelekwe hospitali saa ileile hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Na ukikuta njia yote ni nzima, mpira mweupe hauonyeshi povu, ila pampu kubwa inalowa kuzunguka shafti ya mkono wa mafuta (ule unaovutwa na waya wa akseleta) kila gari likilala, basi sili zake zimechoka na hewa inapitia humo usiku. Kazi hiyo ni ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Mpelekee pampu, na mweleze vitu gani umeshavipima ili asianze upya.